Dume la Mjomba Halikuwa na Wazimu, Waya Wangu Ndio Ulikuwa Chini

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza hapo kwa sababu nimechoka, nimechoka kabisa kusikia watu wa kwetu wakisema ni uchawi, ati dawa ilimwagwa njiani, ati ni wapinzani wa mjomba. Hakuna dawa! Ni mimi. Ni waya wangu, ni mikono yangu, na ni huu mdomo wangu.

Jina sitaji. Jueni tu mimi ni fundi wa mitandao, nina kaduka kadogo Khayega, na kazi yangu ni kuunganisha simu na intaneti. Ukiwa na jengo hapa na lingine pale, na unataka yasikizane, unaniita mimi. Shule zimeniita, makanisa yameniita, hata mwenye mashine ya kusaga unga aliwahi kuniita. Najua kazi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi! Ningekuwa sijui, leo ningesema sikujua, na mngenihurumia.

Sasa sikia.

Kuna kliniki moja upande wa Malinya. Ina majengo mawili. La mbele ni la kuandikisha wagonjwa na kuchukua dawa, la nyuma ni wodi ya akina mama wa kujifungua. Katikati ya hayo majengo inapita njia. Mwenye kliniki ni mama mmoja muuguzi mstaafu, sote tunamwita Madam. Alitaka simu ya ndani kutoka wodini mpaka mbele, ili mama akizidiwa wasiwe wanatuma mtu kukimbia kwenye matope kuita daktari. Na intaneti nayo ipite hapo hapo. Kazi nzuri, kazi ya kusaidia watu.

Kazi kama hiyo unachimba mtaro, unalaza waya ndani ya bomba, unafukia. Ama unaupitisha juu. Na ukiupitisha juu, unasimamisha nguzo ndefu kila upande, unavuta kwanza waya wa chuma mpaka unyooke, halafu ule wa mtandao unaufunga kwenye huo wa chuma ili ubebwe. Kwa sababu waya wa mtandao haujibebi! Ukiuacha peke yake hewani, jua linaulegeza, upepo unauyumbisha, mvua inaumaliza, na mvua ya Kakamega mnaijua. Hayo yote nafundishanga wengine. Nasimama hapo kifua mbele, nafundisha!

Na mimi nilifanya nini? Nguzo za mkaratusi nilizoagiza zilikuwa hazijafika. Madam alikuwa ananipigia asubuhi na jioni. "Fundi, wakaguzi wanakuja. Wewe funga tu, hapo ni karibu, hata ukirusha jiwe linafika." Na mimi, mjinga mimi, nikasema sawa, Madam. Upande wa mbele nikapigilia kwenye ubao wa paa, msumari wa kawaida. Upande wa wodi nikafunga kwenye grili ya dirisha, nikakaza na ile binding waya ya wajenzi, zungusha, zungusha, mpaka plaia ikanichubua kiganja. Waya wa chuma ulikuwa ndani ya begi langu. Ulikuwa ndani ya begi! Sikuutoa, kwa sababu bila nguzo niliona unanichelewesha bure.

Halafu nikasimama katikati ya njia, nikainua mkono. Vidole havikufika kwenye waya. Nikasema imetosha, hapa hata mtu awe mrefu namna gani anapita. Nikaomba maji ya kunywa, nikaenda zangu.

Jamani, mimi nimezaliwa hapo! Ile si njia ya watu tu. Ile ni njia ya madume ya ng'ombe, yakienda kupiganishwa. Siku ya mapigano, dume haliendi uwanjani polepole kama linaenda kunywa maji. Linasindikizwa. Ngoma za isukuti zinalia, firimbi zinalia, watu wanakimbia mbele yake na nyuma yake, na kila mtu ameinua tawi juu ya kichwa, matawi marefu, fimbo ndefu, na wanaruka nayo! Mimi mwenyewe nimebeba hayo matawi tangu nikiwa na meno ya utoto. Halafu mimi huyo huyo napima waya kwa mkono mtupu, nimesimama peke yangu siku ambayo hakuna hata ng'ombe mmoja njiani. Mgeni angesamehewa. Mgeni angesema, mimi sijui mila zenu. Mimi nitasema nini?

Wacha niendelee, maana bado.

Baada ya muda nikapita hapo na pikipiki. Nikaona leso na nepi zimeanikwa kwenye waya wangu. Akina mama wa wodini waliona kamba nzuri imefungwa, basi wakaanika. Waya ulikuwa umeinama katikati kama mgongo wa punda mzee. Mtu mwenye akili angesimamisha pikipiki. Mimi nilicheka! Nilitoa simu nikapiga picha, nikaiweka kwenye status, nikaandika, "Intaneti ya kukausha nepi." Watu wakacheka sana. Nikaendelea na safari yangu.

Hiyo picha bado ninayo. Naiangalianga nikitaka kujichukia vizuri.

Sasa dume lenyewe. Lilikuwa la mjomba wangu, ndugu ya mama, khotsa wangu wa pekee. Aliliita Transfoma. Lilikuwa jeusi tii, pembe zimetazama mbele. Mjomba alimlea kutoka ndama, mwaka ule aliofiwa na mke wake, na hakuoa tena. Watu walimtania kwamba ameoa ng'ombe. Yeye anajibu, "Na huyu hanigombezangi." Alikuwa anamkatia majani mwenyewe, anamwosha mtoni mwenyewe, anamkuna nyuma ya masikio akimhadithia mambo ya siku hiyo. Ukienda kwake na shida zako, unakuta shida za Transfoma ndizo zinazungumzwa kwanza.

Na alikuwa mpole! Hiyo lazima niseme hapa, hata kama hakuna atakayesoma mpaka mwisho. Watoto walikuwa wanapita chini ya tumbo lake. Ukali wake ulikuwa kwa dume mwenzake, huko uwanjani, si kwingine.

Jumamosi ile ya mapigano nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kumshangilia mjomba, si mimi ni mpwa mzuri? Nilikuwa nyuma kidogo, naongea na simu. Nikainua macho nikaona msafara unakaribia kliniki. Nikaona matawi. Nikaona waya.

Yesu wangu! Nilifungua mdomo nipige kelele. Isukuti zikameza sauti yangu, hata mimi sikuisikia.

Tawi moja likanasa waya. Kijana aliyelishika akavuta kwa nguvu, akidhani limeshikwa na mti. Ule msumari wangu wa kawaida ukachomoka, ubao wa paa ukachomoka nao, ukaanguka puu kwenye mgongo wa Transfoma. Upande wa dirisha ukakataa kutoka. Si niliukaza vizuri! Waya ukajizungusha kwenye pembe, leso ya mtu ikamfunika macho. Sasa niambieni ukweli: umefunikwa macho, umefungwa kichwa, na ukisogea kuna kitu kinakugonga nyuma. Utafanya nini? Utasimama uimbe?

Alivuta mpaka waya ukakatika, akakimbia, na ubao unamfuata ukimgonga miguu. Kadiri anavyokimbia ndivyo unavyomgonga. Akapanda veranda ya wodi, akavunja benchi. Kulikuwa na mama mjamzito amekaa pale, akajitupa pembeni. Hakuumia, namshukuru Mungu, hakuumia hata kidogo.

Mjomba hakuachilia kamba ya dume. Wenzake wote walikimbia, yeye hakuachilia. Aliburutwa mpaka kwenye ngazi za veranda na mguu ukavunjika. Nilisikia ukivunjika. Alikuwa anaita, "Transfoma, ni mimi! Ni mimi, baba, ni mimi!" Na dume kusikia hiyo sauti, likasimama. Macho yamefunikwa, mwili mzima unatetemeka, na likasimama!

Huo ni wazimu gani, nyinyi? Nionyesheni ng'ombe mwenye wazimu anayetii!

Na mimi nilipofika pale, unajua nilishika nini kwanza? Sikumshika mjomba. Nilishika waya. Nilianza kuukunja haraka haraka kama mwizi. Nikachukua ubao nikautupa nyuma ya jengo, nikaokota ule msumari nikautia mfukoni. Mjomba yuko chini anauma meno, mimi naokota msumari! Nikiandika hapa natamani kupiga mtu, na hakuna mwingine wa kumpiga isipokuwa mimi.

Mjomba akapelekwa hospitali upande wa Mukumu. Kesho yake liguru, mzee wa kijiji chetu, akaita kikao hapo kwenye uwanja wa kliniki. Madam alikuwa amewaka moto. Benchi limevunjika, simu imekatika, mama wa watu angekufa. Vijana waliosindikiza wakasema, "Mzee, waya ulikuwa chini. Ulitunasa." Walisema wazi, mbele ya kila mtu.

Liguru akanigeukia. "Kijana, wewe ndiye fundi. Hebu tuambie. Waya ulikuwa juu ama ulikuwa chini?"

Neno moja tu! Chini. Ningesema hilo neno ningerudi nyumbani nimeaibika, basi, ningelala na aibu yangu kitandani. Lakini nikafikiria duka, nikafikiria shule zinazoniita, nikafikiria watakavyonicheka, fundi mzima. Nikasimama wima.

"Ulikuwa juu, mzee, kama inavyotakiwa. Hawa walikuwa wamejaza pombe ya busaa tumboni, hawajui walichoona. Dume ndilo lilirukia veranda, likavuta waya."

Watu wakaguna. Vijana wakaanza kupiga kelele, mmoja akaniita mwongo, na wazee wakamnyamazisha, ati heshimu mtu wa taaluma. Mtu wa taaluma! Na Madam, ambaye alikuwa akiona leso zikianikwa pale kila siku, ambaye alinisukuma nifunge haraka, aliangalia viatu vyake. Madam, kama unasoma hii, nimekukasirikia pia. Sikukasirikii kama ninavyojikasirikia, lakini nimekukasirikia.

Ikaamuliwa dume lina wazimu. Ni hatari, lichinjwe, mwenyewe akirudi kutoka hospitali.

Mjomba akarudi na magongo. Hakubishana na mtu. Aliuliza tu, "Fundi mwenyewe amesema hivyo?" Wakamwambia ndiyo, ni mtoto wa dada yako amesema. "Basi ni kweli," akasema. Mnasikia? Aliamini kwa sababu ni mimi.

Siku ya kuchinja alisimama mbele ya Transfoma, anaegemea magongo, akamgombeza. Sikuwahi kumsikia akimgombeza. "Umeniaibisha. Nimekulisha kwa mkono huu, na wewe unaenda kuua mama wa watu. Mwendawazimu wewe! Mwendawazimu!" Na Transfoma wakati huo wote anamlamba mkono wa shati, vile alivyozoea. Mjomba akavuta mkono kwa nguvu, akamgeuzia mgongo. Hakuangalia wakimlaza.

Mimi niliangalia.

Na nyama ikapikwa. Kwetu mtoto wa dada ana fungu lake kwa mjomba, hatokangi mikono mitupu. Wakaniletea langu kwanza, mimi, nyama nzuri na obusuma, ugali wetu, ukiwa moto. Nikala. Nilikula! Nikaongeza mchuzi! Kuna mtu amewahi kujitapikia moyoni na bado anatafuna? Huyo ni mimi.

Nguzo zikafika. Nikarudi kliniki nikafanya kazi inavyotakiwa, nguzo ndefu, waya wa chuma umenyooka, juu kabisa, hata madume mawili yakipandana hayagusi. Ukipita leo utausifu. Kumbe niliweza! Kumbe tangu mwanzo niliweza! Kila nikiuona natamani kuukata.

Nilidhani hapo yameisha. Nilinyamaza, nikawa namtumia mjomba sukari na majani ya chai kupitia kwa mama, ati namsaidia mgonjwa. Mama ananiombea baraka. Woi!

Halafu siku moja ya soko, niko dukani na wateja, nikaona mtu anaingia polepole. Ni mjomba. Anatembea na fimbo sasa, mguu haukunyooka sawa, na kwapani amebeba kuku. Kuku jike mnene, amemfunga miguu na kamba ya katani.

"Mwihwa," akaniita, vile anavyoniitanga tangu nikiwa mdogo, mtoto wa dada. "Nimekuletea ingokho. Sijawahi kuja kukuomba msamaha vizuri. Dume langu lilikuharibia kazi, likakuaibisha kwa Madam. Mimi ndiye niliyelilea, kwa hivyo makosa ni yangu. Nisamehe."

Mbele ya wateja! Mzee mzima, na mguu ule, ananiomba mimi msamaha! Akaninyooshea kuku, nikampokea. Alikuwa wa moto, na nilihisi moyo wake unavyodunda kwenye kiganja changu. Nikashindwa. Sikupanga, haki ya Mungu sikupanga, yalitoka tu. "Khotsa, waya ulikuwa chini." Nikamwambia yote. Msumari, leso, picha, kikao. Wateja wakatoka mmoja mmoja bila kuaga.

Mjomba alikaa kwenye kiti cha wateja, akalaza fimbo mapajani. Nilitamani apige kelele. Nilitamani anipige na ile fimbo.

"Siku ile nikimtukana," akasema mwisho, "ulikuwa umesimama pale?"

"Ndiyo, khotsa."

"Na nyama ulikula."

"Nilikula."

"Mguu si kitu. Mguu ni wangu, ulivunjika nikimfuata ng'ombe wangu. Lakini yule alikufa akidhani nimemchukia. Kitu cha mwisho alichosikia kwangu ni matusi, na hakuwa na kosa." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sasa nikitaka kumwomba msamaha niende wapi? Nije niongee na tumbo lako?"

Nikabaki nimemkumbatia kuku.

Akasimama, akanyoosha mkono. "Nipe kuku wangu."

Nikampa. Alipofika mlangoni akageuka. "Ulisema uongo ukiwa umesimama mbele ya watu. Nenda ukasimame tena mbele ya hao hao. Uwanjani, kabla madume hayajaingia, kila mtu asikie jina la Transfoma likisafishwa. Mpaka siku hiyo usiniite khotsa."

Na mimi nimefanya nini? Nimekuja kuandika hapa, bila jina! Mjomba hana simu ya kusoma haya. Liguru hasomi haya. Najua, na ndiyo maana nimeanzia hapa, kwa watu wasionijua. Jumamosi zimepita, isukuti zinalia, nazisikia nikiwa nimejifungia dukani na redio juu. Nimejichoka.

Mafundi wenzangu, nawaomba, na nawaambia kwa hasira. Ukivuta waya kati ya nyumba na nyumba, usipime kwa mkono wako. Uliza njia hiyo inapitwa na nani siku ya harusi, siku ya mazishi, siku ya madume, na trakta ya miwa ikipita imejaa inafika urefu gani. Kama nguzo hazijafika, mwambie mwenye kazi asubiri, akikasirika akasirike! Ukiona nguo zimeanikwa kwenye waya wako, shuka kwenye pikipiki. Na ukiulizwa ulikuwa juu ama chini, jibu lile lile uliloliona kwa macho yako, papo hapo, kabla ulimi haujatafuta njia. Usingoje mpaka kitu kichinjwe, uletewe fungu lako kwenye sahani.

Jumamosi hii madume yanapigana tena. Mkiwa uwanjani mkaona mwanaume amesimama katikati kabla dume la kwanza halijaingia, anaomba isukuti zinyamaze, huyo ni mimi, na mtalijua jina langu. Na kama hamtaniona, basi nimeogopa tena. Fundi wa namna hiyo msimpe kazi, hata ya kufunga kamba ya kuanika nguo.